Kuku wa Shuka na Swali la Mjomba Athumani

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kuanzia kwenye kiganja cha mjomba wangu Athumani. Alikikunja kama mtu anayekinga maji ya kunywa, akatema humo kipande cha pai alichokuwa anatafuna, akakitazama. Hakukitupa chini. Uani palijaa watu wa kipaimara, majirani na ndugu, na wote walikuwa wanacheka. Akanyanyua macho, akatafuta, akanikuta nimesimama na sinia. Nami nilikuwa nacheka.

Hilo nimeliandika kwanza nisije nikalipita. Nina kawaida ya kulipita.

Neema mwanangu, wewe ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Yese, na kwenye nyumba ya bibi yako nimebaki mimi tu wa kukueleza. Juzi ulinijia na simu yako mbio mbio, ukanionyesha bibi mmoja wa Kimarekani, mvi tupu, anakanda unga na kusimulia jikoni kwa mama yake. Ukaniambia, "Shangazi, kumbe miaka yote tunakosea! Pai ya asili inatiwa mafuta ya nguruwe. Hii samli yetu ni kuigiza tu. Nikiandika kwenye kibao 'asili ya Marekani', wageni pale Lushoto mjini watagombania." Nikakwambia uzime hiyo simu. Ukanuna, ukaondoka, ukafikiri shangazi ameanza kuzeeka vibaya.

Tangu hapo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka kwenda kutazama kama banda la kuku limefungwa, na limefungwa. Bora niandike. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na ukikuta nimerudia neno, ujue ndilo linaloniwasha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopata kazi kwa Mama Kerol. Alikuwa Mmarekani, mume wake anafundisha ufundi seremala, na nyumba yao ilikuwa juu kule kwenye misonobari, baridi mpaka mfupani. Mwenye jiko alikuwa Zakaria. Huyo ndiye mpishi mkuu, mwenye aproni nyeupe na funguo za stoo kiunoni. Mimi nilikuwa wa kumenya, kuosha na kuchochea moto.

Mama Kerol alikuwa mwema. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia nasimulia kwa uchungu wanadhani namlaumu yeye. Alikuwa mpweke tu, na upweke wake aliupika. Mtu akipata mafua anamchemshia supu ya kuku na tambi, anasema ndiyo dawa ya kwao. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, anaoka makaroni na jibini mpaka juu yanakuwa ya kahawia. Na Jumapili lazima pai. Wakati wa plamu, pai ya plamu. Wakati mwingine wote, pai ya kuku: nyama, viazi, karoti na njegere kwenye mchuzi mzito, halafu juu inafunikwa na unga uliosukumwa. Harufu ikianza kutoka kwenye oveni, Mama Kerol anajifuta macho kwa kiwiko. Siku moja nilimwuliza kwa nini analia kwa ajili ya chakula. Akasema, "Tabita, hii ni nyumba ya bibi yangu." Wakati ule nilimwona kama mtoto. Leo nikipalia makaa juu ya sufuria ya mama yangu, najifuta macho kwa kiwiko vile vile.

Siri ya lile ganda la juu ilikuwa kwenye mafuta. Yalikaa kwenye kopo kubwa la bati, meupe, mazito. Unayatia kwenye unga, unasugua kwa ncha za vidole mpaka unga unakuwa kama chenga. Ukitumia siagi linakuwa zuri. Ukitumia hayo linakuwa karatasi juu ya karatasi, linavunjika kabla hujaling'ata. Bibi yake alifanya hivyo, basi na yeye hakubali vingine. Zakaria ndiye aliyeyaleta.

Nikamwuliza Zakaria, "Kaka, haya mafuta ni ya nini?"

Akanikonyeza. "Samli ya Kizungu."

"Samli ya mnyama gani?"

"Tabita, ukiuliza sana utazeeka kabla hujaolewa."

Nikacheka, nikaendelea kumenya viazi. Hapo ndipo, mwanangu. Kipaimara kilikuja baadaye, na pai ilikuja baadaye, lakini kosa langu lilizaliwa hapo kwenye beseni la viazi. Kwa sababu mimi ni Mlutheri, kitimoto nimekula tangu mdogo, na harufu ya nguruwe anapokaangwa naijua. Jumamosi moja nilifika mapema nikamkuta Zakaria anakaanga mapande ya mafuta kwenye karai, anayachuja kwenye lile kopo. Nilisimama mlangoni. Pua yangu ikaniambia. Nikaiambia pua inyamaze. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakutuambia kwamba kuna mtu haulizi kwa sababu jibu analo tayari na halitaki.

Basi, Yese baba yako akafikia kipaimara. Nawe unaijua familia yetu: mama yangu alizaliwa Mwislamu wa Mlola, akaolewa na Mlutheri, akabatizwa. Watu walitabiri nyumba mbili zitachinjana. Aliyezuia ni kaka yake, Mjomba Athumani. Alisema, "Dada yangu amebadilisha dini, hajabadilisha tumbo lililomzaa." Tangu hapo, kila shughuli ya kwetu, iwe Krismasi, ubatizo au msiba, Mjomba anashuka kutoka Mlola na kisu chake kimefungwa kwenye gunia safi, anachinja yeye, ili chungu kiwe kimoja na watu wote wale humo humo. Hakuna sahani za Waislamu na sahani za Wakristo. Najua kwingine pia wanafanya. Kwetu lakini kisu kile ndicho kilichoshika ukoo.

Nikataka kuwaonyesha nyumbani kwamba mimi sasa ni mtu wa jiko la Kizungu. Nikamwomba Mama Kerol unga na mafuta. Akafurahi, akasema chukua, chukua. Hakuniuliza ni nani watakaokula, nami sikumwambia. Nikaja na kopo hadi kwa mama. Mama akalifunua, akachovya kidole.

"Mafuta gani haya, mwanangu?"

"Samli ya Kizungu, mama."

Aliniamini. Uongo wa Zakaria niliupokea kwa mkono wa kushoto nikampa mama yangu kwa mkono wa kulia.

Alfajiri ya Jumapili Mjomba alichinja mbuzi na kuku sita. Kuku wawili nikawachukua mimi. Oveni hatukuwa nayo, nikapika kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Pai ikatoka kama mwezi. Watoto walipoiona wakasema, "Kuku amejifunika shuka!" Ndiyo asili ya jina, mwanangu, ni watoto wa Mlola waliolitoa, si Mmarekani.

Tukatoka kanisani, watu wakakaa uani, makande, wali, nyama, na dengelua, ile pombe ya miwa, kwa wanaokunywa. Mjomba nikampelekea mwenyewe. Akala. Akasema, "Tabita, huyu kuku umemvisha shuka la bibi harusi. Ongeza." Nikaongeza. Furaha niliyoipata kwa lile neno "ongeza" sijaipata tena.

Zakaria naye alikuwa amealikwa, na ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu mababu. Alikuwa amekaa karibu na mtungi wa dengelua, ameshakunywa ya kutosha. Akasimama, akapiga kijiko kwenye kikombe.

"Mtani Athumani! Kuku tumesikia umemchinja wewe?"

"Nimemchinja mimi, mtani," Mjomba akajibu, anacheka, kwa sababu mtani akisimama watu hujiandaa kucheka. "Unataka shingo?"

"Shingo baki nayo. Kuku umemchinja wewe, ila shuka lake nimelichinja mimi!"

Watu wakacheka kabla hawajaelewa. Zakaria akaona bado, akamalizia. "Mafuta ya nguruwe hayo, mtani! Kitimoto! Karibu kundini, Jumapili ijayo tunakubatiza!"

Na hapo ndipo kile kiganja cha Mjomba kilipokunjwa.

Mjomba hakufoka. Aliomba maji, akasukutua nyuma ya migomba, mara nyingi. Akafunga kisu chake kwenye gunia. Mkewe Mwanaidi akakusanya watoto, na mdogo wao alikuwa analia kwa sababu amenyang'anywa sahani na hajui kwa nini. Mama yangu akamfuata kaka yake mpaka njiani, akamshika kanzu. Mjomba akaitoa mikono ya dada yake taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mboga, akaenda. Kicheko kilikwishakatika zamani. Akanyanyuka Mwinjilisti Natanaeli, akasema, "Ndugu zangu, shetani asituharibie siku, yaliyopita si ndwele, tuimbe." Tukaimba! Huyo naye namtaja. Alifunika chungu kinachochemka, akakiita kimya amani.

Baada ya pale Mjomba hakukata undugu nasi, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alikuja kila palipohitajika. Akiamkiwa "shikamoo" anaitika "marahaba" kwa upole wote. Ila kisu hakuleta tena, na kwetu hakula wala hakunywa. Hata maji. Mgeni akae sebuleni kwako tangu asubuhi mpaka alasiri asikubali maji, na huyo mgeni ni kaka yako wa tumbo moja! Mama alikuwa anaingia jikoni, anafunika uso kwa kanga, anatoka anacheka na wageni wengine.

Mimi kwa Mama Kerol niliacha kazi wiki ile ile. Mama yangu hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Nifundishe hiyo pai." Nikamfundisha. Akaachana kabisa na mafuta yale, akaenda kwa jirani yetu Mwislamu mwenye ng'ombe, akanunua samli iliyotengenezwa mbele ya macho yake. Ganda la samli halitoki karatasi karatasi. Linatoka gumu kidogo, lina harufu ya maziwa na moshi. Kuku akampeleka akachinjwe msikitini. Kila Idd, mwanangu, mama alioka kuku wa shuka, akaifunga sufuria kwa kitambaa, akaiweka kichwani, akapandisha kwenda Mlola, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mjomba anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru. Na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, sufuria inarudi imeoshwa, ina peasi, au maharage, au mayai. Kama alikula, hatukujua. Mama hakuuliza. Alioka mwaka baada ya mwaka kwa kubahatisha.

Sasa unaelewa kwa nini nilikwambia uzime simu? Hiyo samli unayoiita kuigiza ni magoti aliyopiga bibi yako.

Mama alipougua ule ugonjwa wa mwisho, nikapanda Mlola kumwita Mjomba. Nilifika saa sita mchana. Mlangoni nikasikia harufu, nikasimama. Mwanaidi alikuwa anaondoa makaa juu ya sufuria, na ndani kuku amejifunika shuka. Lakini shuka lao! Walisonga kwa viazi vilivyopondwa na tui la nazi, juu wamepaka yai. Wajukuu wamezunguka kila mtu na sahani yake.

Nikasema, "Mkaza mjomba, kumbe mnapika?"

Mwanaidi akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anapumua. "Tangu sufuria ya kwanza ya wifi yangu. Mjomba wako aliila yote peke yake, hakutubakizia hata ganda. Ikabidi nijifunze. Ila ile samli yenu nzito, inakaa kifuani."

Nikalia palepale. Mama alipanda mlima miaka yote ile na jibu lilikuwa linaliwa huku.

Mjomba akatoka ndani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Akaniuliza jambo moja tu. "Tabita, ulijua?"

Nikasema, "Mjomba, Zakaria alinidanganya."

"Sijakuuliza Zakaria."

"Sikuwa na hakika."

"Ahaa," akasema. Wajukuu wanagombania ganda. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu hayo ndiyo urithi wangu. "Siku ile ile nilikwenda kwa shehe. Aliniambia aliyelishwa bila kujua hana dhambi, nenda nyumbani. Nguruwe hakunidhuru mimi. Ningesukutua, ningekaa nikamalizia wali wa dada yangu. Kilichonidhuru ni kicheko. Niliangalia nani hacheki, nikamkuta dada yangu peke yake. Wewe nilikutafuta makusudi. Nilisema, Tabita hatacheka."

Nilicheka kwa hofu, nilicheka kwa kuwa wengine wanacheka, nilicheka ili Zakaria asinione mshamba. Chagua mwenyewe, yote ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha.

Alishuka na mimi jioni ile ile. Akaingia chumbani kwa mama, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Dada, nipe maji." Mama akataka kuinuka, hakuweza. Nikaleta kikombe, mama akakishika kwanza mkononi mwake ndipo akampa. Mjomba akanywa mpaka mwisho. Siku ya tatu tulimzika mama, na Mjomba ndiye aliyechinja ng'ombe wa msiba.

Utasema basi, yameisha. Hayajaisha. Pale pale msibani nilimvuta Zakaria pembeni nikamwambia nenda kamwangukie Athumani. Akanijibu, "Tabita, wewe mtu mzima sasa, ule si utani tu?" Utani! Mtani anaruhusiwa kuja msibani avae koti la marehemu, aige mwendo wake, watu wacheke katikati ya kilio. Mtani atakuibia kuku mchana kweupe na hutampeleka kwa mwenyekiti. Lakini utani una ukuta wake: mtani anachezea unachovaa, unavyotembea, unavyokula kwa pupa. Hachezei unachomwahidi Mungu. Zakaria alijua ukuta uko wapi. Aliuruka kwa sababu aliona vicheko upande wa pili.

Na mwezi uliopita, kwenye harusi, Zakaria huyo huyo, sasa mzee wa kanisa, fimbo na suti, akapewa kipaza sauti asalimie. Akasimulia kuku wa shuka kama kichekesho. "Nilishawahi kumbatiza Mwislamu kwa pai!" Watu wakacheka, wale ambao hawakuwa wamezaliwa. Shabani, mjukuu wa Mjomba, alikuwa anagawa soda pale. Aliweka kreti chini akatoka. Nikamfuata, sikumpata.

Mjomba bado yuko, macho hayaoni vizuri, miguu haimpeleki mbali. Kila nikienda ananiuliza, "Zakaria hajapita?" Mwaka huu nikamwuliza akipita unataka akuombe radhi? Akasema radhi alishaitoa zamani, radhi haingoji mtu. Ana swali tu. Anataka kumwuliza, "Mtani, nilikukosea nini?" Anafikiri labda kuna jambo alilolifanya yeye, amelisahau. Mzee wa watu, analitafuta kosa lake mwenyewe kwenye mambo ya nusu karne!

Kwa hiyo, mwanangu Neema, nasaha zangu ni hizi, nazo si nyingi. Pika pai yako, uza, Mungu akufungulie. Tumia samli ya bibi yako, au viazi na tui vya Mlola, au siagi, kila nyumba ina shuka lake na hakuna lililo la uongo. Ukitaka hata hayo ya yule bibi wa simu, si haramu kwako, ila kibao chako kiseme wazi, kwa herufi ambazo hata mimi wa darasa la nne nitazisoma. Usimlishe mtu jambo ambalo usingeweza kulitamka mbele yake. Swali unaloliogopa jibu lake, hilo ndilo uulize kwanza. Na pale watu wote wanapocheka, tazama nani hacheki, ukasimame karibu naye, hata kama hujui bado ni kwa nini.

Mungu akupe mikono myepesi na moto usiounguza. Sufuria yako itoke imejaa na irudi imejaa. Na siku ndugu yako atakapoketi kwako, aombe maji.

Nawe Zakaria, najua haya utasomewa, maana wajukuu zako wote wanajua kusoma. Mimi sehemu yangu nimeikiri hapa juu, mwanzoni kabisa. Ya kwako imebaki. Gari la Mlola linaondoka kila asubuhi, na mzee amekaa barazani akielekeza sikio njiani. Panda, nenda kamjibu: Athumani alikukosea nini?